Mtoto akipotea Public, maneno ya watu ndo yanamchelewesha

Mdogo wangu ndo ameniambia niandike hii, mimi nilikuwa nataka iishe tu. Amesema jina langu usitaje na la mtoto usitaje, lakini mengine sema vile yalivyokuwa, kwa sababu Disemba inakuja tena, watu wa bara watashuka Mombasa na watoto wao na yatajirudia yaleyale. Haya, nasema.

Yeye anaishi Nakuru, mimi niko Mtopanga, hapa Mombasa. Alikuja na mumewe na watoto wao wawili, mkubwa miaka minne na mdogo bado ananyonya, pamoja na ndugu za shemeji na watoto wao, nyumba ikajaa magodoro hadi kwa koridoo, raha kwelikweli. Sikukuu tukaenda Public, yaani ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Pirates. Kama hujafika Public siku ya sikukuu huwezi elewa, mchanga huuoni, ni vichwa tu, ngamia wanapita katikati ya watu, vijana wa kukodisha tairi, wapiga picha, wauza mabuyu na achari, miziki mitatu inapiga kwa pamoja. Tukatandika mkeka wetu chini ya mvinje.

Watu wazima tulikuwa wengi na shida ilianzia hapo hapo. Mama akiwa peke yake na mtoto ufuoni macho hayabanduki. Lakini watu wazima wakiwa wanane kila mmoja ana uhakika kuna wengine saba. Mdogo wangu aligeuka ananyonyesha, akamwambia mumewe muangalie huyo, mume akaitika, baadaye kidogo akaenda kununua madafu akijua mtoto yuko na binamu zake kwenye tairi, na wale binamu, watoto wa miaka kumi kumi na moja, wao walijua amerudi kwa mamake. Hakuna aliyekuwa amelewa. Hakuna aliyemdharau mtoto wake. Nalisema mapema kwa sababu jioni ile ile watu ambao hata hawakuwepo walishajua kila kitu.

Mimi nilikuwa nimepanda barabarani kupokea chakula, narudi nakuta mkeka mzima umesimama na mdogo wangu anaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na sisi tumelala kitanda kimoja utoto wote.

Kitu cha kwanza, na hiki kama husomi kingine soma hiki, mtoto akipotea karibu na maji anza na maji. Wengi wanakimbilia barabarani, kwenye maegesho, kwa sababu kichwani kuna wezi wa watoto, na bahari haingoji, ni dakika chache tu. Vijana wa laifugadi wa pale, yaani waokoaji wa ufuoni, walifanya vizuri sana. Walishikana mikono na watu wengine waliojitolea wakatembea kwa mstari, maji kiunoni, wakipapasa chini kwa miguu, maana maji yalikuwa yanajaa na pale mwanzo watoto walipokuwa wanacheza magotini sasa pamefika kifuani kwa mtu mzima. Watu wa bara wengi hawalijui hili, wanaona bahari imetulia asubuhi imekupwa mpaka unaona mawe wanaweka alama kichwani kwamba hapa ni salama, saa chache baadaye hapo hapo ni pengine kabisa.

Cha pili, mtu mmoja abaki kwenye mkeka. Mtoto akirudi mwenyewe akute sura anayoijua. Kila mtu alitaka kukimbia, ikabidi nimshike wifi yake mdogo wangu nimwambie wewe kaa hapa hata mbingu ianguke.

Sasa laifugadi mkubwa akaja kwa mamake mtoto akamuuliza, dada, mara ya mwisho umemuona saa ngapi? Akajibu, sasa hivi tu, dakika tano. Akauliza amevaa nini, akajibu tisheti ya manjano ina picha ya katuni.

Yote mawili hayakuwa kweli na mdogo wangu si muongo. Mngeona watu walivyomzunguka. Mama mmoja mwenye miwani ya jua anasema kwa sauti, sasa huyu ni mama gani, mwengine anasema hawa huja huku kujisahau, kijana yuko na simu juu anarekodi. Ukiwa katikati ya duara kama lile, na kila uso unakuambia wewe si mzazi, mdomo wenyewe unapunguza dakika. Baadaye aliniambia, dada, nilikuwa najua ni nyingi, lakini ningesema nyingi pale wangenimaliza. Na zile dakika tano ndo zilifanya laifugadi watafute mita mia kushoto na mita mia kulia tu, kwa sababu mtoto wa miaka minne ndani ya umati ule, kwa dakika tano, hawezi kuwa mbali.

Kwa hiyo ukiwa karibu na mzazi wa namna hiyo, kazi yako kubwa ni kuvunja lile duara. Mtoe pembeni, mkalishe, mpe maji, halafu muulize polepole. Mimi nilimvuta nyuma ya kibanda cha soda na bado alikuwa anashikilia dakika tano.

Kilichotuokoa ni mtu ambaye nusura auawe. Kulikuwa na mpiga picha, hawa wa kukupiga na kukutolea picha hapo hapo, na mapema alikuwa amewapiga watoto wetu wote mbele ya ngamia. Mtu mmoja akasema, huyu ndo alikuwa na yule mtoto, nimemuona amemshika mkono. Ikatosha. Niligeuka naona watu wamemkaba shingo, kamera imetupwa mchangani, mwengine ameokota pande la gogo. Analia anasema, nilikuwa nampanga kwenye picha, wallahi nilikuwa nampanga tu. Wazee wawili wa pale ufuoni na laifugadi mmoja waliingia kati wakapigwa na wao, lakini wakamtoa.

Ile kamera ikaokotwa, lenzi imeingia mchanga lakini kioo cha nyuma kinawaka. Akafungua picha na mikono inamtetemeka. Mtoto wetu yuko pale kwenye kioo, kifua wazi, kaptula ya bluu peke yake, ameshika kamba ya ngamia. Ile tisheti ya manjano tukaikuta kwenye mfuko wa mkekani, imelowa, imejikunja na mchanga. Na saa ya ile picha ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Nikatazama simu yangu, ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Hakuna mtu kati yetu aliyemuona baada ya ile picha. Tulikuwa tunamtafuta mtoto wa nguo ambayo hajavaa, ndani ya dakika ambazo zilishapita zamani, na mtu pekee aliyekuwa na ukweli alikuwa karibu kupigwa gogo.

Laifugadi alipoona ile saa uso ukabadilika. Akasema kwa huu muda mtoto ameshatembea, na akitembea hatapigana na upepo, saa hizi ni kaskazi, ataenda nao, tafuteni upande wa Nyali. Akatuma vijana wafuate ufuo kuelekea kusini, na wengine akawaambia wapite kwa askari wa kila hoteli watakayoikuta njiani.

Basi pointi ya picha. Ukifika ufuoni, mtoto akishavua na kuvaa za kuogelea, mpige picha hapo hapo, mwili mzima. Picha ya asubuhi amependeza na tisheti haina kazi. Na namba ya simu iandike mkononi mwake kwa biki au mfunge kitambaa chenye namba, na isiwe namba ya mama ambaye simu yake iko chini ya mfuko wa nepi. Iwe ya mtu anayebaki na simu mkononi na chaji ipo.

Wakati huo shemeji na kaka yake walikuwa wamepanda boda kwenda polisi. Afisa aliyekuwa mezani, kituo sikitaji, akawaambia warudi baada ya masaa ishirini na nne, pengine mtoto yuko na jamaa. Hii kitu ya masaa ishirini na nne imekwama vichwani mwa watu na haipo kwenye sheria yoyote ya Kenya, mtoto akipotea unaripoti dakika ile ile. Shemeji akanipigia analia, nikamwambia usitoke hapo, piga 116, ni bure na iko usiku na mchana, ni laini ya watoto ya Childline Kenya, waweke kwa spika mbele ya huyo afisa. Wale wa 116 wakaongea naye kwa upole kabisa na OB ikaandikwa, yaani ripoti kwenye kitabu cha matukio cha polisi. Ukipewa namba ya OB ipige picha, kila mtu atakuuliza, kuanzia hoteli hadi watu wa redio. Na uliza kama kituo kina dawati la jinsia na watoto, wale mara nyingi wanasikiliza vizuri zaidi.

Sasa nije kwa yale ya mitandaoni, maana hapo ndo roho inaniuma mpaka leo.

Ndugu mmoja wa shemeji aliyebaki Nakuru, kwa nia njema kabisa, alituma picha ya mtoto kila mahali. Akaweka jina kamili, jina la utani ambalo tunamuita nyumbani, shule anayosoma, na namba ya mamake. Ndani ya muda mfupi ikaingia magrupu ya Kisauni, Likoni, Mtwapa, mpaka ya wafanyakazi wa bandari. Ni kweli kuna watu walitoka nyumbani wakaja kutafuta, watu tusiowajua, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini simu ya mdogo wangu iligeuka jaa. Mwanamke mmoja alituma ujumbe wa sauti, sauti nzuri tu, ya taratibu, anasema wewe ulikuwa na mwanamume gani wakati mwanao anapotea. Mwengine, hawa wa bara huja huku kulewa. Mwengine amechukuliwa na jini wa bahari, leteni mbuzi. Mwengine kuna gari, Noah nyeusi, imeonekana, na hiyo Noah nyeusi nimeisikia kila mtoto anapopotea hapa Mombasa. Na ile video ya yule kijana ikatoka, watu wakaandika chini yake, muangalieni, hata halii, huyu anajua mtoto alipo.

Hakuwa analia kwa sababu alikuwa ameganda. Nilimshika mkono, baridi kama maji ya mtungi, na tuko Disemba Mombasa.

Halafu wakaja matapeli. Mmoja akapiga akasema mtoto yuko naye Changamwe, tuma elfu tano ya teksi. Ami yake shemeji akatuma elfu tatu kabla hatujamzuia, zikaenda. Kama lazima utume picha, weka sura, nguo aliyovaa, mahali na saa, namba ya OB na namba ya mtu mmoja mwenye moyo mgumu, asiwe mama wala baba. Jina la utani libaki siri, maana mtu mbaya akilijua mtoto atamfuata, na wewe ukipigiwa litakusaidia kupima. Muulize amevaa nini, anaitwa nani nyumbani, mpe simu nisikie sauti yake. Tapeli atakata. Wale wa Missing Child Kenya wanatengeneza tangazo la mtoto aliyepotea bila malipo, na akipatikana wanatangaza kwamba amepatikana, hilo ni muhimu sana na nitalirudia.

Hii tabia ya kumhukumu mzazi si ya Mombasa peke yake. Mwaka 2007 nilikuwa nafanya kazi ya kusafisha vyumba kwenye hoteli moja Bamburi, na mwezi wa tano ule kila televisheni niliyokuta imewashwa ilikuwa ni yule mtoto wa Kiingereza, Madeleine McCann. Alikuwa karibu kutimiza miaka minne. Tarehe 3 Mei, huko Praia da Luz nchini Ureno, walikuwa likizo, wazazi wake ambao wote ni madaktari walikwenda kula na marafiki kwenye mkahawa wa pale pale walipofikia, mtoto na wadogo zake mapacha wamelala chumbani, na wale wazazi wanapeana zamu kwenda kuchungulia. Mama alipokwenda akakuta kitanda kitupu. Kwenye kantini yetu mjadala ulikuwa mkali, na wageni wa Uingereza waliokuja msimu ule walikuwa wanauliza yaya wa kukodi hata mizigo haijafika chumbani. Watu walisema wangekuwa maskini wangenyang'anywa hata hao mapacha. Wengine wakasema wamemuua wenyewe. Septemba polisi wa Ureno wakawafanya washukiwa rasmi, Julai 2008 wakawaondolea. Magazeti ya Uingereza ya kampuni ya Express yaliyokuwa yanawaandika kama wauaji yaliomba radhi ukurasa wa mbele Machi 2008 na kulipa pauni 550,000 kwenye mfuko wa kumtafuta mtoto. Mtoto mpaka leo hajapatikana.

Je, kuwaacha wale watoto peke yao chumbani ilikuwa sawa? Mimi nasema hapana, singefanya, na nimelea watatu. Lakini swali hilo lina siku yake. Siku mtoto hayupo swali ni moja tu, yuko wapi.

Na kuhusu kutolia, kuna mama wa Australia, Lindy Chamberlain. Mwaka 1980 walipiga kambi karibu na mwamba wa Uluru, mtoto wake mchanga Azaria akachukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa kule. Mama alisema hivyo tangu usiku ule. Watu wakamtazama kwenye televisheni wakaona hana huzuni ya kutosha. 1982 akafungwa maisha, 1986 akaachiliwa baada ya koti la mtoto kupatikana sehemu wanakolala wale mbwa, na ilipofika 2012 ndo uchunguzi rasmi ukaandika kwamba ni dingo. Kila nikisoma naiona ile video ya mdogo wangu.

Mtoto wetu alipatikana jua linakaribia kuzama, mbali, upande wa kusini kama laifugadi alivyosema. Alikuwa kwenye kichochoro cha kutokea barabarani, kwa mama mmoja anayekaanga viazi karai na muhogo. Amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amefungwa leso ya yule mama, anakula muhogo, machozi yameacha mistari ya chumvi mashavuni. Kijana mmoja wa ufuoni alimuona akamuita kwa lile jina la utani tulilompa laifugadi, mtoto akainuka.

Tulipofika yule mama alikuwa anatetemeka kuliko sisi. Alikuwa naye muda mrefu sana. Amemuuliza mamako anaitwa nani, anajibu Mami. Babako? Dadi. Mnakaa wapi? Kwa mama mkubwa. Nikamuuliza mama, mbona hukumpeleka kwa laifugadi, si mbali sana? Akanijibu:

"Mwanangu, nimshike mkono nitoke nae analia, si wangu, watu wanione, n'tajibu nini? Mwaka jana hapa hapa wamempiga mtu kwa mtoto wa dada yake mwenyewe."

Kwa hiyo akakaa. Akamwambia askari wa geti la jirani, naye askari akasema atauliza, na akangoja mwenye mtoto atokee. Ukiangalia vizuri, umati ule ule uliomfanya mama apunguze dakika ndo uliomfanya msamaria asisogee. Mtoto alikaa katikati ya woga wa watu wawili wazuri.

Ukimkuta mtoto wa mtu, kaa naye pale pale ulipomkuta kama ni salama, ita watu wengine wawili watatu wawe mashahidi, hasa wanawake wenye biashara hapo, halafu mtu aende kuita laifugadi au apige 999 au 116. Usitembee naye peke yako. Na wewe mzazi mfundishe mtoto majina ya kweli. Mami na Dadi wako kila nyumba.

Kesho yake tulikwenda kufunga OB, usiache, na tukampitisha kliniki, alikuwa ameungua jua mgongoni na kukosa maji kidogo, basi. Lile la lenzi tulichanga elfu kumi na nne tukampelekea mpiga picha, hakuomba. Boda, bundles, teksi, zile elfu tatu za tapeli, likizo iliisha hapo. Lakini ghali zaidi ni vitu vingine. Mama mkwe hakuongea na mdogo wangu hadi Februari, na mumewe ambaye kusema kweli ndo aliyekuwa na zamu, hakuna mtu hata mmoja aliyemtukana. Hata mmoja. Matusi yote yalikwenda kwa mwanamke aliyekuwa ananyonyesha. Usiku alikuwa anaamka kuhesabu watoto. Amekuwa akiongea na mshauri wa kanisani kwao na inasaidia.

Wanakuja tena Agosti. Utaratibu wetu sasa ni kwamba mtoto anakabidhiwa kwa mdomo, nakupa mtoto, na yule anajibu nimempokea, na mpaka atamke hivyo bado ni wako. Zamu fupi, mwenye zamu hashiki simu, hanunui madafu. Binamu wa miaka kumi hapewi zamu, naye ni mtoto. Na tutakwenda Public siku ya kawaida asubuhi, maji yakianza kujaa tunakunja mkeka.

Ile picha aliyotuma ndugu wa shemeji bado inazunguka. Mwezi wa tatu mtu wa Voi alipiga akisema amemuona mtoto sokoni, na yeye wakati huo alikuwa darasani Nakuru. Walimu wake wameiona, wazazi wenzake wameiona, na jina lake kamili limo. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya faragha yake kama mtu mwengine yeyote. Ukiwa bado unayo kwenye simu yako, ifute, na aliyekutumia mwambie kwamba mtoto alipatikana siku ile ile kabla ya magharibi.